Waliogeuka Kampi ya Samaki

Ratiba ya safari ya maziwa ya Bonde la Ufa, ile ya siku tatu iliyopita mikononi mwa wengi wetu kabla ya mapumziko ya Pasaka, na ambayo wasomaji kadhaa wa safu hii waliifuata kituo hadi kituo, ilikuwa na mengi ya kusifika na kosa moja. Lakini kosa hilo lilikaa penye kiini cha safari, na kwa hiyo liliyapunguzia thamani mema yote yaliyolitangulia. Nasema juu ya uamuzi wa alasiri ya siku ya pili, pale magari yalipofika Kampi ya Samaki, ukingoni mwa Ziwa Baringo, yakasimama nusu saa, abiria wakapiga picha zao, kisha yakageuzwa na kurudishwa Nakuru, mwendo wa takriban kilomita 120, kwa sababu vitanda vilikuwa vimewekwa huko.

Ya siku ya kwanza nayakiri kwa ufupi: kushuka kwa barabara ya chini ya Mai Mahiu, penye kikanisa kilichojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, kuifuata Naivasha kwa barabara ya kusini, na kulala karibu na maji, yote hayo yalipangwa sawasawa.

Sasa tuipime siku ya pili kwa saa zake, maana ratiba ni hesabu ya saa kabla haijawa hesabu ya kilomita. Magari yaliondoka Naivasha saa mbili asubuhi. Yakafika Kikopey saa tatu na kukaa huko kwa nyama choma hata saa tano. Yakaipita Nakuru adhuhuri bila kusimama. Yakawa penye chemchemi za Bogoria saa nane, na Kampi ya Samaki saa kumi. Na ilipotimia saa kumi na nusu yakashika njia ya kurudi, yakaingia Nakuru giza limekwisha kutanda. Jumlisha masafa ya Naivasha hadi Nakuru, na ya kuteremka Baringo na kupanda tena, na ya kuingia Bogoria na kutoka, nawe utapata zaidi ya kilomita 350 kwa siku moja, katika safari ambayo karatasi yake yenyewe iliahidi mwendo wa taratibu, fukwe za maziwa, na miji midogo iliyotulia.

Mwenye kuijua nchi hii hahitaji kuelezwa ubaya wa saa hizo, lakini kwa kuwa ratiba iliandikwa na watu waliozipima njia kwa ramani ya simu, na ramani ya simu haina habari ya jua wala ya upepo, sina budi kueleza. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari; Bogoria na Baringo ziko karibu na mita 1,000; na katika mteremko huo wa mita 850, unaoanza kuonekana dhahiri baada ya kuipita Mogotio na mstari wa ikweta, msafiri hutoka katika hewa ya nyanda za juu na kuingia katika joto la nyika. Kumfikisha mtu Bogoria saa nane ni kumfikisha wakati joto limefikia upeo wake, wakati mvuke wa chemchemi hukonda machoni kwa sababu hewa yenyewe imekuwa kavu na moto, na wakati ukuta wa Siracho, ulio upande wa mashariki wa ziwa na ambao ndio fahari ya mandhari ile, haujapata mwanga wa jua lielekealo magharibi. Msafiri huyo huyo akifika saa kumi, mvuke huanza kunenepa kadiri hewa inavyopoa, ukuta hubadilika rangi mbele ya macho yake, na heroe walio majini, wale ambao wengi wetu twawaita flamingo, huonekana wakiwa wameelekezewa jua usoni.

Ama Baringo, hilo ni ziwa la alfajiri. Maji yake matamu, yenye rangi ya udongo unaoletwa na mito ya Perkerra na Molo, hutulia kabla ya jua kupanda, na huo ndio wakati ambao furukombe huwinda, viboko hurejea majini kutoka malishoni, na wenye mashua huweza kumvusha mgeni mpaka karibu na kisiwa cha Ol Kokwe bila kupambana na mawimbi. Lakini alasiri upepo huvuma, na wenye mashua nao hupungukiwa na hamu ya kutoka. Kumpeleka mtu Baringo saa kumi na kumwondoa saa kumi na nusu ni kumwonyesha ziwa na kumnyima ziwa kwa wakati mmoja. Na kwa nini alinyimwa? Kwa ajili ya kilomita zile zile alizokwisha kuziona mchana, sasa akizipita kwa upande wa pili, amechoka, na jua likimzamia kuume kwake.

Wapangaji walikuwa na hoja tatu, nami nitazipa haki yake kila moja. Ya kwanza ni kwamba malazi ya Nakuru ni mengi na mazuri zaidi. Ni kweli, na tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mwezi wa Desemba mwaka 2021 yamezidi kuwa mengi. Na ni kweli pia kwamba maji ya Baringo, yaliyopanda kwa nguvu kuanzia mwanzo wa muongo uliopita na kuzidi mno mwaka 2020, yalizimeza hoteli na kambi kongwe za ufukweni ambazo wazee wetu walizizoea. Lakini waliohamia juu zaidi bado wapo, na chumba cha kawaida penye ziwa ni bora kuliko chumba cha fahari kilicho mbali nalo, kwa mtu aliyetoka kwake kwa nia ya kuliona ziwa.

Hoja ya pili ni kwamba kulala Nakuru kuliwezesha msafara uingie mbuga ya Ziwa Nakuru alfajiri ya siku ya tatu, kuwaona heroe. Hapa narudia neno ambalo nimelisema katika safu hii mpaka wengine wamechoka kulisikia: Nakuru ya picha za zamani, yenye ufukwe ulioiva waridi kwa mamia ya maelfu ya ndege, haipo tena kwa namna ile. Maji yalipopanda, yakalimeza hata lango kuu la mbuga, magadi yalipungua nguvu, na chakula cha heroe, ambacho hustawi katika maji makali ya magadi, kikapungua pamoja nayo. Ndege wakahama, na wengi wao aghalabu huonekana Bogoria. Basi tazama hesabu ilivyokwenda kombo: alfajiri, saa iliyo bora kupita zote, ilitengwa kwa ajili ya heroe katika ziwa ambalo wamelikimbia, na saa nane ya mchana ikatolewa kwa ziwa walikokimbilia. Mbuga ya Nakuru ina vifaru na twiga wa kutosha kumstahilia mtu safari nzima. Iachwe ipewe safari yake.

Hoja ya tatu ni ya usalama, nayo siidharau. Njia ya kaskazini, ya Loruk na Nginyang, ina majira ambayo mtu mwenye busara haipiti bila kuuliza. Lakini safari hii ilikomea Kampi ya Samaki, na ikiwa ni salama ndiyo iliyotafutwa, sioni ni shauri gani lililoridhia kuendesha magari ya abiria mpaka giza katika barabara ambayo mbuzi na ng'ombe huivuka wapendapo, tena na madereva waliokuwa wameshika usukani tangu asubuhi.

Waliozipangia nchi hizi safari zamani hawakufanya hivyo. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani, ambaye mpelelezi Joseph Thomson alisafiri pamoja na msafara wake katika nchi ya Wamasai mwaka 1883, na ambaye miaka michache baadaye alifuatana na mpelelezi mwingine, Teleki, hata Baringo na kuendelea kaskazini, hakuwa na ramani ya kuchapwa. Alikuwa na elimu ya vituo. Misafara ya pwani, ya Mombasa na ya Pangani, ilijua kwamba kati ya Naivasha na nchi ya Baringo kulikuwa na wafugaji wasiolima, na kwamba nafaka ingepatikana kwa Wachamus, watu wa Njemps, waliomwagilia mashamba yao kwa mifereji. Kwa hiyo mahesabu yote ya njia, ya posho, ya wapagazi, ya siku za kutembea na siku za kupumzika, yalielekezwa Njemps, na msafara ukifika huko hukaa, hununua chakula, huponya miguu ya watu, na kusikiliza habari za mbele. Kirangozi ambaye angewafikisha watu wake Njemps na kuwageuza jioni ile ile, ati kwa kuwa kambi ya jana ilikuwa na kivuli kizuri, asingalipewa msafara wa pili. Naam, wao walitembea kwa miguu na sisi twaenda kwa gari; lakini kanuni ni ile ile, kwamba mwisho wa njia ndipo mahali pa kulala, na haikubadilishwa na injini.

Lipo pia jambo la Kikopey, ambalo sitaacha kulisema maadamu nina safu. Saa mbili nzima za asubuhi zilitumika kungoja nyama ichomwe, na hali umbali mdogo tu mbele, kando ya barabara ile ile, pana mahali pa kale pa Kariandusi, ambapo Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe, na ambapo mtu akisimama huliona Ziwa Elmenteita, mojawapo ya maziwa matatu yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, pamoja na Nakuru na Bogoria. Elmenteita ilipewa dakika chache za kutazamwa kutoka barabarani; mbuzi wa Kikopey akapewa saa mbili.

Na miji midogo, ambayo ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi, iliishia vioo vya madirisha. Marigat ni mji wenye mengi ya kumfundisha mtu: upo mradi wa umwagiliaji wa Perkerra, ulioanzishwa mwaka 1954 kwa jasho la wafungwa wa siku za Hali ya Hatari, ipo asali ya Baringo ikiuzwa barabarani kwa chupa, na upo mti wa mathenge, ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, ambao umeyameza malisho ya Wachamus kiasi cha kuwafikisha mahakamani dhidi ya serikali. Hayo hayapatikani kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Hupatikana kwa kushuka garini jioni, kuketi, kuagiza chai, na kuuliza.

Siku ya pili ingaliweza kupangwa hivi, bila kuongeza siku wala shilingi nyingi. Waondoke Naivasha saa moja. Kariandusi wapewe saa nzima. Joto la adhuhuri liwakute Nakuru, katika hewa ya juu, wakila huko na kupanda Hyrax Hill, ambapo Mary Leakey alichimba miaka ya 1937 na 1938. Waanze kuteremka saa saba na nusu, wafike chemchemi za Bogoria saa kumi jua likiwa zuri, wakiuliza langoni kwanza hali ya barabara, maana maji yalimeza sehemu za njia ya ufukweni. Na magharibi iwakute Kampi ya Samaki. Siku ya tatu waingie mashuani alfajiri, wanywe chai saa mbili, kisha wasirudi kwa njia waliyojia, bali wapande Kabarnet kwa milima ya Tugen, wavuke hadi Eldama Ravine, na kuingia Nakuru alasiri wakiwa hawajaikanyaga barabara moja mara mbili tangu Marigat. Huo ndio mzunguko. Ule mwingine ulikuwa kwenda na kurudi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba ratiba hii ilipangwa na watu wanaojua barabara na hoteli, lakini wasioyaheshimu maziwa yenyewe, na kwamba nusu saa ya Kampi ya Samaki iliiharibu safari ambayo ingaliweza kuwa bora kuliko zote zilizotolewa kwetu kwa miaka mingi. Nanyi mnaotayarisha safari za likizo ya Agosti, nawasihi: kilipieni kitanda cha Baringo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote, kisha zipangeni saa nyingine zote zikielekea huko.