Muhuri Hauzuii Mafuta: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Giaboksi

Utangulizi

Kazi ya mkuza istilahi aghalabu hufanyika mezani. Huletewa neno la kigeni, akalitafutia mwenzake wa Kiswahili, akaliandika katika safu ya pili ya orodha, kisha akashika jingine. Utaratibu huu una manufaa yake. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na hasa tangu orodha za Tafsiri Sanifu zilipoanza kutolewa mwaka 1974, maneno mengi ya utawala, ya elimu na ya sayansi yamepatikana kwa njia hiyo, na leo hatuyaoni tena kuwa mageni. Hata hivyo yako maneno ambayo mezani hayajaribiwi. Neno la sheria hujaribiwa mahakamani, na neno la ufundi hujaribiwa mkononi mwa fundi aliyelala chini ya gari.

Makala haya yanahakiki tafsiri moja ya Kiswahili, iliyotoka kwenye mwongozo wa Kiingereza wa kutengeneza magari ya Land Rover ya Series III. Tafsiri yenyewe haijachapishwa. Ililetwa kwetu isomwe na kusahihishwa, na mfasiri wake sitamtaja, kwani makosa nitakayoyaonyesha ni ya wengi wetu. Sura iliyonishughulisha ni ile ya kutoa giaboksi mbovu, kuweka nyingine, na kuzuia mafuta yasivuje. Mfasiri ameiita “Kubadilisha Gia na Kuzuia Uvujaji”. Shida inaanzia hapo hapo kwenye kichwa cha habari, kwa sababu kila dereva hubadilisha gia mara mia kwa siku bila kumwita fundi.

Kwa Nini Kitai

Nilipopangiwa safari ya kikazi wilayani Mbinga, niliichukua tafsiri hiyo pamoja na asili yake. Kitai iko kwenye barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, mahali inapotengana na njia ya kuelekea Lituhi, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Leo lami imefika hadi Mbamba Bay, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka hupita hapo. Lakini njia za pembeni, zipandazo milima ya Wamatengo kwenye kahawa na mashamba ya ngolo, bado zinadai gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Ndiyo maana Land Rover za kale, zilizoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, hazijaachwa. Mfasiri ameziita “magari chakavu”. Gari linalopakia magunia ya kahawa kila msimu si chakavu. Ni gari kongwe, na Kiswahili kina neno hilo, lenye heshima yake.

Chini ya mwembe, karibu na njia panda, nilimkuta fundi wa makamo akijiandaa kutoa giaboksi ya gari la namna hiyo. Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu, naye akakubali kijana wake, aliyemaliza kidato cha nne, atusomee tafsiri kwa sauti huku kazi ikiendelea. Yaliyofuata yalinifunza mambo ambayo orodha zetu hazijapata kunifunza.

Sanduku Juu ya Sanduku

Katika Land Rover ya aina hii, giaboksi haitolewi kwa chini kama ilivyo katika magari mengi. Hung’olewa sakafu ya mbele, huondolewa boksi la chuma linalobeba viti, na giaboksi huinuliwa kwa mnyororo kupitia ndani ya gari, ikatolewa mlangoni. Mfasiri, kwa nia njema ya kukwepa neno la mkopo, ameiita giaboksi “sanduku la gia”. Akaliita boksi la viti “sanduku la viti”. Kisha, kwa kuwa kurudiarudia kunachosha, akayafupisha yote mawili kuwa “sanduku”. Kijana alisoma: “Legeza sanduku kabla ya kuinua sanduku.” Fundi akamwambia arudie. Kijana akarudia. Fundi akasema, “Mwalimu, hapa kuna msiba? Mbona masanduku mengi?”

Tulicheka, lakini kuna lisilochekesha. Nyuma ya giaboksi kuu ya Land Rover kuna giaboksi ya pili, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na ndiyo inayompa dereva gia nzito za mlimani. Giaboksi hizi mbili zimefungwa pamoja, lakini kila moja ina mafuta yake na tundu lake la kujazia. Ile kuu huchukua lita 1.5, na ya pili lita 2.5. Mfasiri amenakili tarakimu zote mbili bila kosa. Ila kwa kuwa zote mbili ni “sanduku la gia”, msomaji hukuta sanduku moja lenye vipimo viwili, akadhani cha pili kimekuja kusahihisha cha kwanza. Akijaza moja na kuiacha nyingine kavu, meno ya gia yatasagana, na giaboksi aliyoinunua kwa mauzo ya kahawa ya msimu mzima haitafika mbali.

Hapa sharti niseme kwamba gereji nayo haina jibu kamili. Mafundi niliowasikia huziita zote mbili giaboksi, kwa kuwa wao wanaziona na kuzigusa. Anayesoma hana anachogusa. Basi mchango wa ofisi unahitajika. Napendekeza tuchukue giaboksi kuwa jina la msingi, kisha tuseme giaboksi kuu na giaboksi ya kugawia. Fundi alipoyasikia hakuuliza maana. Aliweka kidole kwenye ya pili akasema, “Hii ndiyo inayogawa.”

Muhuri au Sili

Kosa kubwa kuliko yote limo katika neno moja dogo. Mahali ambapo mhimili unaozunguka unatoka nje ya giaboksi, huwekwa pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaoubana mhimili ili mafuta yasipite. Kiingereza huiita pete hiyo kwa neno lile lile linalotumika kwa alama igongwayo kwenye barua za serikali. Mfasiri alifungua kamusi, akakuta “muhuri”, akaandika “muhuri”. Hivyo basi tafsiri inaagiza: “Kagua muhuri wa nyuma. Ukiwa umechakaa, weka muhuri mpya.”

Kijana aliposoma hayo, fundi alijifuta mikono akanitazama kwa upole. “Mwalimu,” akasema, “muhuri uko kwa mwenyekiti wa kijiji. Mimi hapa nina oili sili.”

Mtu anaweza kumtetea mfasiri kwa kanuni zetu wenyewe. Tumefundishwa kwamba istilahi itafutwe kwanza ndani ya Kiswahili, kisha katika lugha za Kibantu na nyinginezo za Kiafrika, na mkopo wa Kizungu uje mwisho. Muhuri ni neno la Kiswahili tangu kale, na sili ni la juzi. Lakini kanuni hiyo inahusu dhana ambayo bado haina jina. Haikusudiwi kulinyang’anya jina kitu ambacho tayari wananchi wamekipa, wala kukivika jina la kitu kingine. Tena huku si kuchagua neno la Kiswahili na kuacha la Kiingereza. Ni kubeba mkanganyiko wa Kiingereza na kuuingiza katika lugha ambayo haikuwa nao. Sisi tulikuwa na maneno mawili kwa vitu viwili, na mfasiri ametupunguzia moja.

Wako pia watakaosema kwamba sili ni kauli ya mtu anayekataa chakula. Kweli, lakini Kiswahili kimejaa maneno ya sauti moja na maana nyingi, na msemaji hapotei. Hakuna aliyepata kuomba spea dukani akapewa ugali.

Ndugu yake muhuri ni “nyumba ya kengele”. Hilo ni jina ambalo mfasiri amelipa ganda la chuma lililo kati ya injini na giaboksi, linalofunika klachi. Waingereza walilifananisha na kengele kwa umbo lake. Msaidizi mmoja aliposikia kengele alielekea kwenye honi. Napendekeza ganda la klachi, kwani linasema lilipo na linachofanya.

Kuvuja Kuna Daraja

Chini ya ganda hilo kuna tundu dogo, na fundi mzoefu hulichungulia kabla ya kufungua chochote. Mafuta yakitoka hapo, huenda ni ya injini, huenda ni ya giaboksi. Fundi wetu aliyachovya kwa kidole, akayanusa. Ya injini huwa meusi na mepesi zaidi, ilhali ya gia ni mazito na yana harufu kali ya kiberiti. Kabla hajagusa spana, alikwisha kujua sili ipi imekufa.

Asili ya Kiingereza inafuata hekima hiyo hiyo. Inatofautisha unyevu unaoonekana juu ya chuma na matone yanayoanguka. Kwa hali ya kwanza inasema ufute na uendelee kuangalia. Kwa hali ya pili inasema sili ibadilishwe. Mfasiri amekuwa na kitenzi kimoja tu, kuvuja. Matokeo yake ni sentensi mbili zinazofuatana: “Ikiwa muhuri unavuja, futa na uendelee na safari. Ikiwa muhuri unavuja, usiendelee na safari.”

Sidhani kama iko lugha inayolazimika kusema hivyo, na Kiswahili ni ya mwisho kulazimika. Kuvuja ni jina la jumla: paa huvuja, ndoo huvuja, na giaboksi huvuja. Lakini chuma kikilowa bila tone kuanguka, mafundi wa Kitai husema kinatoa jasho. Mafuta yakianguka moja moja, yanadondoka. Yakishuka kwa mfululizo mwembamba, yanachuruzika. Mpangilio huu wa daraja tatu haukubuniwa na kamati yoyote. Uko vinywani mwa watu, na kila daraja lina hatua yake ya ufundi: kutoa jasho huangaliwa, kudondoka hupangiwa siku ya matengenezo, kuchuruzika husimamisha gari. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na giaboksi ya lita 1.5 ni buyu dogo sana.

Suala hili linazidi upotevu wa mafuta. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haimo kwenye magurudumu. Iko nyuma ya giaboksi ya kugawia, na huubana mhimili unaokwenda nyuma. Sili ya hapo ikidondosha, mafuta huingia katika breki yenyewe na kuilowesha, na gari lililoegeshwa mlimani halishikiki. Dereva wa gari nililolikuta alinieleza kwamba kwa miezi kadhaa utingo wake amekuwa akiruka chini na gogo kila waliposimama, aliwekee gurudumu kigingi. Mtu wa namna hiyo akisoma “futa na uendelee na safari”, kosa la kitenzi limekuwa hatari ya uhai.

Sentensi Iliyoachwa

Nililinganisha tafsiri na asili yake mstari kwa mstari, nikakuta sentensi moja haimo. Inaagiza kusafisha tundu la kupumulia. Giaboksi ikifanya kazi hupata joto, hewa iliyomo hutanuka, nayo hutoka kwa tundu hilo. Likizibwa na vumbi, hewa husukuma mafuta yapite kwenye sili, hata iwe mpya. Nadhani mfasiri hakuona neno katika kamusi, akaruka. Mwenye gari alikwisha nunua sili mbili kwa mwaka mmoja, na zote zikavuja. Fundi aliichokonoa tope iliyokuwa imekauka tunduni kwa waya, kazi ya dakika moja. Neno lisilopatikana lielezwe kwa maneno kumi, lakini lisiachwe. Tundu la kupumulia linatosha.

Hitimisho

Mfasiri wetu si mvivu. Tarakimu zake ni sahihi, sentensi zake zimenyooka, na ameithamini lugha. Alichokosa ni siku moja ya kukaa chini ya mwembe. Kwa hiyo napendekeza kwamba tafsiri yoyote ya ufundi, kabla ya kupitishwa, isomwe kwa sauti mbele ya mtu anayeifanya kazi hiyo huku vifaa vikiwa mbele yake. Palipo na jina karakana, tulipokee na kuliandika vizuri. Palipo na vitu viwili vyenye jina moja, tuvitenganishe, kwani hiyo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya. Walimu wa vyuo vya ufundi na watumishi wanaosimamia magari ya idara wana nafasi nzuri ya kutusaidia, nasi tunawaomba watuletee majina wanayoyasikia.

Jioni ile giaboksi nyingine iliingizwa, na asubuhi fundi alitandika boksi la karatasi chini ya gari lililokwisha kuzungushwa hadi njia ya Lituhi na kurudi. Tulingoja saa nzima. Karatasi ilikuwa kavu, na dereva akalipandisha gari kwenye kilima kidogo, akavuta breki ya mkono, akashuka. Utingo alikwisha kuchukua gogo. Alisimama nalo mkononi, akaona halina kazi, akalirudisha ndani.