Nani Amtibu Ng'ombe wa Kijijini? Uhakiki wa Nadharia ya Huduma Binafsi za Mifugo

Katika kuzungumzia suala la kupanua huduma za mifugo vijijini, hatuna budi kuanza na fikra. Mara nyingi makada wetu huanza na hesabu: majosho mangapi, pikipiki ngapi, mabwana mifugo wangapi kwa kila kata. Hesabu ni muhimu. Lakini vituo vya mifugo havikudhoofika katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu ya upungufu wa fedha peke yake. Vilidhoofika pia kwa sababu ilikuwapo nadharia iliyosema kwamba ni haki vidhoofike, na nadharia hiyo ilifundishwa, ikakubaliwa, ikaingizwa katika mipango ya serikali.

Nadharia tunayokusudia kuihakiki imeelezwa vizuri katika waraka wa majadiliano wa Benki ya Dunia wa mwaka 1992, ulioandikwa na Dina Umali, Gershon Feder na Cornelis de Haan, juu ya mizani baina ya kazi za serikali na kazi za watu binafsi katika huduma za mifugo. Waraka huo hausomwi sana na wanafunzi wa siasa, nao wanafunzi wa tiba ya mifugo huusoma kama uchumi mtupu usio na siasa ndani yake. Makundi yote mawili yanapoteza.

Hoja yake ni hii. Huduma za mifugo zigawanywe kwa kuuliza nani anafaidika. Daktari anapomtibu ng'ombe mgonjwa, anayefaidika ni mwenye ng'ombe. Basi na alipe mwenyewe, na anayetibu awe mfanyabiashara. Hali kadhalika uuzaji wa dawa na upandishaji kwa mrija. Lakini kuzuia magonjwa ya mlipuko, kuweka karantini, kukagua nyama na kufanya utafiti ni mambo ambayo faida yake huenea kwa wote, hata kwa asiyechangia senti moja. Hayo yabaki kwa serikali. Chanjo iko katikati, na hupimwa kwa aina ya ugonjwa. Serikali ipunguze mzigo wake, ibakie na yale ya umma, na hayo iyafanye vizuri.

Mtu anayeipinga hoja hii kwa kupiga kelele ya ubeberu tu hatusaidii. Waandishi hawakuwa wakizua matatizo. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 sehemu kubwa ya bajeti za idara za mifugo barani Afrika ilikwenda kwenye mishahara, na iliyosalia haikutosha kununua petroli wala dawa. Bwana mifugo alikuwapo, lakini alikuwapo ofisini. Hapa Tanzania, baada ya kuundwa kwa Mamlaka ya Maendeleo ya Mifugo mwaka 1974, nguvu nyingi zilielekezwa kwenye ranchi na mashamba ya maziwa ya umma, hali ng'ombe wengi wa nchi hii walikuwa, na bado ni, wa wafugaji wadogo wa vijijini. Josho lisilo na dawa ni shimo la maji machafu, na mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kilomita nyingi akakuta shimo hilo hakuhitaji mwanauchumi wa Washington kumweleza kwamba utaratibu haufanyi kazi.

Tena ziko sehemu ambako nadharia hii imefanya kazi. Katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Rungwe, na kandokando ya mji wa Tanga, mkulima ana ng'ombe wawili au watatu wa maziwa, wamefungwa zizini, barabara ipo, na fedha ya maziwa huingia mara kwa mara. Daktari mwenye pikipiki anaweza kuzungukia nyumba kadhaa kwa siku moja na akapata riziki yake. Pale ambapo kipo chama cha ushirika cha maziwa, hata deni la matibabu linaweza kukatwa kwenye mauzo ya maziwa. Hilo hatulikatai.

Lakini Tanzania si Hai peke yake. Nenda Longido, Simanjiro, Kiteto, au nenda Meatu. Huko mifugo huhama kufuata maji na malisho, boma na boma haviko jirani, na mwenye ng'ombe anaweza kukaa miezi bila fedha taslimu mkononi ingawa mali yake inatembea mbele ya macho yake. Daktari aliyesomea miaka mitano Morogoro hawezi kuishi kwa ada za huko. Mafuta ya safari moja yanaweza kuzidi thamani ya mbuzi anayekwenda kumtibu. Nadharia ilidai kwamba serikali ikijiondoa, watu binafsi wataijaza nafasi. Katika nyanda kame aliyeijaza kwa wingi si daktari. Ni mwuza dawa.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha jambo. Waraka wa mwaka 1992, na sera zilizouzingatia baada ya Mpango wa Kurekebisha Uchumi ulioanza hapa nchini mwaka 1986, zilidhani kwamba kutibu na kulinda ni kazi mbili zinazoweza kutenganishwa kama chumvi na mchanga: upande huu biashara, upande ule serikali. Katika uzalishaji halisi hazitengani. Mtu anayemtibu ndama wa ndigana kali ndiye huyohuyo anayeona kwamba katika boma la pili mbuzi wanaharisha na kutokwa makamasi, na ndiye anayejua kwamba mwezi uliopita ng'ombe watano wametupa mimba katika kundi moja. Macho ya serikali juu ya magonjwa ya mlipuko ni macho ya yule anayeaminiwa kiasi cha kuitwa zizini. Ukimwondoa kwa sababu kutibu ni "faida ya mtu binafsi", umeondoa pia ulinzi ule ambao nadharia yenyewe inasema ni wajibu wa umma. Unabaki na maabara mjini inayongojea sampuli zisizoletwa na mtu.

Homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2006 na 2007 ilitoa ushahidi mchungu. Tanzania peke yake watu zaidi ya 100 walikufa. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba kaskazini-mashariki mwa Kenya wafugaji Wasomali walikuwa wameona mvua zisizo za kawaida, makundi ya mbu, kisha mifugo kutupa mimba na kufa, mapema kabla wakubwa hawajashtuka. Na tangu mnyama wa kwanza kushukiwa hadi idara ya mifugo kuchukua hatua ilipita wastani wa siku zipatazo 60. Wafugaji walikuwa na ujuzi. Kilichokosekana ni mtu wa kuupokea ujuzi huo na kuupeleka panapostahili. Mwanauchumi akitaka kujua gharama ya mtu huyo, na aanze kuihesabu kwenye makaburi hayo.

Jambo la pili ni dai kwamba mfugaji wa asili hataki kulipa. Dai hili tunalisikia hata kwa watumishi wetu wenyewe, na ni uvivu wa fikra. Nenda mnadani siku yoyote uone. Mfugaji ananunua oksitetrasaiklini, ananunua dawa ya minyoo, ananunua dawa ya kupe kwa kipimo cha kizibo. Analipa, tena analipa sana. Lakini analipia chupa bila ushauri: anapiga sindano ya oksitetrasaiklini kwa ng'ombe mwenye ndigana kali, ugonjwa ambao dawa hiyo haiuponyi ukishashika, ng'ombe anakufa, na fedha imekwenda. Anachanganya dawa ya kupe nyepesi ili itoshe kundi zima, kupe wanazoea, mwaka unaofuata dawa ileile haiui. Hii ndiyo sura halisi ya soko huria la tiba ya mifugo katika nyanda kame. Aliyefaidika ni mwagizaji wa chupa na mwenye duka. Anayebeba hasara ni mzalishaji, na pamoja naye mlaji wa nyama na maziwa yenye mabaki ya dawa.

Wako wanaojibu: basi turudi kulekule, serikali itoe kila kitu bure. Hawa nao hatukubaliani nao, na historia ya sotoka inatueleza kwa nini. Ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ukafyeka ng'ombe, nao Wamasai waliingia katika njaa kubwa. Chanjo nzuri ya Walter Plowright ilitengenezwa Muguga, Kenya, mnamo mwaka 1960. Serikali za Afrika zikaendesha kampeni kubwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1976, magari na wataalamu na barafu, ugonjwa ukakaribia kwisha. Kisha katika miaka ya 1980 ukarudi, Tanzania ikiwamo, kwa sababu ulibaki umejificha katika sehemu ambazo gari la barafu halikufika: majangwa ya Afar, mabonde ya Sudan ya Kusini yenye vita.

Sehemu hizo za mwisho hazikushindwa na duka la dawa, wala hazikushindwa na msafara wa wizara. Zilifikiwa na wafugaji wenyewe waliofundishwa kwa muda mfupi kuchanja, wakiwa na chanjo iliyoboreshwa na Jeffrey Mariner na wenzake iweze kukaa wiki kadhaa bila barafu. Afar, nchini Ethiopia, mwaka 1994 wachanjaji wapatao 20 wa jamii walichanja ng'ombe zaidi ya 70,000. Sudan ya Kusini mwaka 1993, katikati ya vita, walichanjwa zaidi ya milioni 1. Tanzania ilishambuliwa mara ya mwisho mwaka 1997, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia, baada ya ndui, kufutwa duniani. Waliouzika, kwa sehemu isiyo ndogo, ni watu wasiojua kusoma waliokuwa wakitembea kwa miguu na kasha la chanjo. Jambo hili ni la kujivunia, na inashangaza jinsi linavyotajwa kwa nadra katika vyuo vyetu.

Somo la nadharia hapa ni kwamba nguzo mbili za waraka, yaani serikali na mfanyabiashara, zimemwacha nje mtu wa tatu ambaye ndiye mwenye kazi: wazalishaji waliojipanga. Chukueni mfano wa chanjo ya ndigana kali, iliyofanyiwa utafiti hukohuko Muguga na inayotumika kwa ng'ombe wa Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania tangu miaka ya 1990. Inahifadhiwa katika naitrojeni ya maji. Mrija mmoja una dozi kama 40, na ukishayeyushwa sharti uishe siku hiyohiyo. Mwenye ndama watatu hawezi kuununua peke yake hata akiwa na fedha, maana dozi 37 zitamwagwa. Lazima maboma kadhaa yakusanye ndama wao mahali pamoja, siku moja, kwa mapatano. Teknolojia yenyewe inadai ushirika! Soko la mtu mmojammoja haliwezi kuugawa mrija huo, wala amri ya wilaya haiwezi kuwakusanya ndama hao ikiwa wenyewe hawajapatana.

Au tazameni kuku, ambao wataalamu wengi huwaonea haya kuwazungumzia. Kideri kikiingia kijijini kinaweza kumaliza karibu kuku wote, na kuku ndio mali ya kwanza ya mwanamke wa kijijini na ndio ada ya mtoto. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Australia na inayotengenezwa hapa nchini, inavumilia joto kuliko chanjo za zamani na hutolewa kwa tone moja la jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne. Mwanamke aliyefundishwa anaweza kuchanja kijiji kizima. Kwa mujibu wa nadharia ya mwaka 1992 kuku ni mali binafsi, basi kila mtu ajitafutie. Lakini chupa ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na kuku wa jirani asiyechanjwa anaula mtama kwenye ua uleule.

Lipo pingamizi tusilopaswa kulikwepa. Madaktari wa mifugo wanasema kwamba mtu aliyefundishwa wiki chache akipewa sindano atakuwa mwuza dawa mwingine tu. Hofu hiyo ina msingi. Miradi mingi ya wafadhili ilifundisha wahudumu wa jamii, ikawapa mkoba, mradi ukaisha, na mhudumu akabaki bila dawa, bila msimamizi na bila daftari. Lakini tiba ya hofu hiyo si kumfukuza. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 ilimwacha nje mhudumu wa jamii kwa kudai cheti cha chuo, na wilaya za kaskazini hazikujaa wenye vyeti kwa sababu hiyo. Sheria ya Veterinari Namba 16 ya mwaka 2003 ya hapa kwetu inasajili madaktari na wataalamu wasaidizi. La kuhakikisha ni kwamba mhudumu wa kijiji anafungwa kwa mtaalamu msaidizi wa kata, naye kwa daktari wa wilaya, kwa mkataba ulioandikwa, dawa zikipita katika mnyororo huo na taarifa zikirudi katika mnyororo huohuo. Sehemu ya mshahara wa daktari inayolipwa na umma iwe ni malipo ya usimamizi na taarifa hizo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ambayo soko halitailipa kamwe.

Mwaka 2025 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, yenye chanjo za ruzuku. Hatua hiyo imerudisha katika mikono ya umma jambo ambalo nadharia ilitaka kulitoa. Makada walioko katika kata za wafugaji wanayo maswali mawili ya kufuatilia, nayo hayamo katika hotuba za uzinduzi: nani atakayeshika sindano mwaka wa tatu, magari ya kampeni yakishaondoka, na kamati ya wafugaji ya kijiji inashika daftari gani la fedha za josho, lililokaguliwa na nani.