Baba wa Pili Kwenye Korido

Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba maeneo ya Posta, Dar es Salaam, kwa bei ya sahani ya chipsi. Jalada lilikuwa limechanika. Kilichonivuta ni ukurasa wa kwanza: kijana wa Kijapani amesimama kwenye duka la vitabu, anaitazama ramani ya Afrika kwa hamu. Nikacheka peke yangu. Yaani mimi nipo hapa natafuta kitabu cha kunitoa Afrika kwa saa mbili tatu, na yeye yuko Japani anatafuta ramani ya kumleta huku! Nikalipa.

Kurasa chache mbele nikaacha kucheka. Mke wa kijana yule yuko leba. Mtoto anazaliwa na uvimbe mkubwa kichwani, kama kichwa cha pili, na madaktari wanazungumza na baba kwa namna ambayo mimi naijua: hawamtazami machoni.

Kitabu chenyewe ni A Personal Matter cha Kenzaburo Oe, kilichotoka Japani mwaka 1964 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na John Nathan. Kwa Kiswahili tungekiita Jambo la Mtu Binafsi. Oe alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1994 na alifariki mwaka 2023. Mwaka 1963 mtoto wake wa kwanza, Hikari, alizaliwa na tatizo kichwani lililohitaji upasuaji, na riwaya ikafuata mwaka mmoja baadaye. Wengi husoma kitabu hiki kama maisha ya Oe mwenyewe. Mimi nitasema mbele kidogo kwa nini hilo linanisumbua. Na nitafichua mwisho wake, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa hadithi, kasome kwanza urudi.

Mhusika mkuu anaitwa Bird, yaani Ndege. Ana miaka 27, ni mwalimu wa tuisheni, na ndoto yake kubwa ni safari ya Afrika. Bahati nzuri kwetu, kwa Kiswahili jina lake lina maana mbili, ya kiumbe mwenye mabawa na ya chombo cha kusafiria, na zote zinamfaa. Kila habari ya mtoto inapozidi kuwa mbaya, Bird anatafuta pa kurukia. Anakwenda na chupa ya wiski kwa Himiko, mwanamke aliyesoma naye. Anaingia darasani na uchovu wa pombe na kutapika mbele ya wanafunzi, kazi inapotea. Hospitalini mtoto anapewa maji ya sukari badala ya maziwa ili adhoofike polepole, na Bird anajua. Anasubiri simu ya kuambiwa kwamba yameisha.

Watu wengi niliozungumza nao kuhusu riwaya hii walimchukia Bird, wakakiweka kitabu chini. Mimi sikuweza, na sababu nitaisema hapa hapa, maana bila hiyo uhakiki huu utakuwa wa uongo.

Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Alipotimiza miezi minane bila shingo kukaza, mama yake alianza kumpeleka mazoezi ya viungo kila Jumanne. Mimi nikaanza kupenda semina. Semina ya Dodoma, naenda mimi. Kusahihisha mitihani Mbeya, naenda mimi. Nilikuwa natuma hela nyumbani, sikuwahi kuacha, na kwa hiyo nilijiona baba mzuri. Bird alikuwa na ramani ya Afrika. Mimi nilikuwa na ratiba ya mabasi ya Ubungo. Tofauti yetu ilikuwa nauli tu.

Kwa hiyo nilipofika kwenye korido ya hospitali, katikati ya riwaya, nilisoma taratibu. Hapo Bird anakutana na baba mwingine, mtu mfupi ambaye mtoto wake amezaliwa bila ini. Mtu huyu hana elimu ya kujidai wala cheo, lakini anabishana na madaktari bila woga. Anadai majibu. Anarudi tena kudai. Bird, msomi wa watu, anayeongea Kiingereza, anasimama pembeni amenyamaza kwa sababu majibu anayoyataka yeye ni ya aina nyingine. Mmoja anapigania mtoto ambaye hana uwezekano wa kuishi. Mwenzake anasubiri kufa kwa mtoto ambaye anaendelea kuishi.

Hii ndiyo sehemu bora ya kitabu, na wahakiki wengi huipita haraka wakikimbilia Himiko na falsafa zake. Ni mahali pa pekee ambapo jina la riwaya linatiwa majaribuni. Bird anaamini kwamba yaliyompata ni yake peke yake, shimo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulichimba. Sisi tunasema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sawa. Lakini kwenye korido ile amesimama maiti wa pili, tena anaongea kwa sauti, na Bird hawezi tena kusema hakuna ajuaye.

Mimi korido yangu ilikuwa benchi. Mama watoto alisafiri msibani Jumatatu usiku, na Jumanne asubuhi hakukuwa na mtu mwingine wa kumbeba mtoto. Nikapanda daladala na binti yangu wa miaka mitatu mgongoni, konda akaniuliza, "Mzee, mtoto mkubwa hivi kwa nini hatembei?" Sikumjibu. Nilipofika nikakuta kina mama kumi na kitu wamekaa kwenye benchi refu, kila mmoja na wake, na baba mmoja tu, amevaa ovaroli ya gereji. Alinisogezea nafasi bila kusema pole. Akauliza, "Wako anakula vipi?"

Miaka mitatu watu walikuwa wameniuliza nani katuroga, tumeshakwenda kanisa gani, upande wa nani una ugonjwa huo. Hakuna aliyewahi kuuliza anakula vipi. Nikasema anapaliwa. Mama mmoja aliyekuwa akitufuatilia akadakia: "Baba, mnamlaza chali mnapomlisha? Msimlaze. Mkalishe, kichwa kiinamie mbele kidogo, uji uwe mzito, kijiko kidogo, subiri ameze." Mwingine akaniambia fundi seremala gani anajua kutengeneza kiti chenye meza mbele na mkanda wa kifuani. Mwingine akanionya nisije nikakatisha dawa za degedege ghafla eti kwa kuwa mtoto ameonekana nafuu. Nilikuwa nimekaa nusu saa. Nilikuwa nimejifunza mambo mengi kuliko kwenye semina zangu zote.

Sasa nirudi kwenye kitabu, maana hapa ndipo ninapogombana na Oe. Baba wa mtoto asiye na ini amepewa nafasi ndogo mno. Anawaka kama kiberiti, halafu riwaya inarudi kwa Bird na kichwa chake. Bird anapobadilika mwishoni, anabadilika peke yake: ameshampeleka mtoto kwa daktari wa vichochoroni ili afe kimyakimya, anakaa baa, anatapika pombe, na ghafla anaona hawezi tena kukimbia. Anarudi kumchukua mtoto. Wasomaji wengi wameulalamikia mwisho huu kuwa ni wa haraka na mtamu kupita kiasi. Mimi utamu haunikeri. Kinachonikera ni upweke wake. Watu hawageuki namna hiyo, au tuseme mimi sijawaona. Wanageuka kwa kusogezewa nafasi kwenye benchi.

Na cha ajabu, Oe mwenyewe alilijua hilo. Mwaka ule ule wa 1963, mwanawe akiwa bado hospitalini, alisafiri kwenda Hiroshima, akakaa na manusura wa bomu la atomiki na daktari wao, Fumio Shigeto, ambaye naye alikuwa manusura. Aliona watu waliotakiwa kukata tamaa wakiendelea kuhudumiana kila siku, na makala alizoandika kutokana na safari zake huko zilikusanywa mwaka 1965 katika Hiroshima Notes. Yaani baba halisi alipozidiwa alikwenda kwa watu wenye mizigo yao wenyewe. Baba wa riwaya alikwenda kwa Himiko na wiski. Ndiyo maana husumbuka nikisikia mtu anasema Bird ni Oe. Mwandishi amemnyima mhusika wake kitu kilichomsaidia yeye.

Kuna mtu mwingine aliyenyimwa zaidi: mama wa mtoto. Riwaya nzima yuko kitandani, anadanganywa. Mama yake mzazi na mume wake wamekubaliana asijue. Sisi hatumsikii akilia, hatumsikii akiuliza wazazi wa wodi ya pili. Nilipokuwa nikisoma nilimfikiria mke wangu, Jumanne zake zote za miaka mitatu kwenye benchi lile. Nilidhani alikuwa peke yake kwa sababu mimi sikuwepo. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa peke yangu. Yeye alikuwa na watu.

Wengi wetu tuliosoma sekondari Tanzania tulikutana na jambo hili mapema, katika Takadini ya Ben Hanson. Tuliisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri dhamira, tukasahau. Nimeirudia mwaka huu. Sekai, baada ya miaka mingi ya kukosa mtoto, anajifungua mtoto mwenye ualbino, musope kwa Kishona, na mila inataka mtoto afe. Anatoroka naye usiku. Jina analompa, Takadini, maana yake ni "tumefanya nini?" Ni swali lile lile la nani katuroga, ila limegeuzwa likawa la kuwauliza wanaohukumu.

Sekai anapata msaada, tena mkubwa: Rumbidzai, mke mwenza aliyemjali, chifu Masasa anayempokea ugenini, mzee Chivero, mganga na mpiga mbira, anayemhifadhi. Hapo Hanson anampita Oe, kwa sababu anajua kwamba mtoto wa namna hii halelewi na shujaa mmoja. Lakini angalia msaada huo unatoka wapi. Wote wanaomsaidia wanatoa kwa huruma, kutoka juu au kutoka pembeni. Simkumbuki mama mwingine mwenye musope wa kukaa na Sekai jikoni amwambie jua la mchana usimtoe nalo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huruma inaweza kukupokea, lakini haijui uzito. Anayejua uzito ni aliyebeba wa kwake.

Na kuna deni ambalo Takadini analipishwa. Anajifunza mbira, anaoa, anapata mtoto asiye na ualbino, na hapo sisi wasomaji tunapumua: ahaa, kumbe anafaa! Fasihi inapenda sana hesabu hii. Hata Hikari Oe, ambaye kweli alikua akawa mtunzi wa muziki, hutumiwa kama risiti ya kuonyesha kwamba baba yake hakukosea kumwacha aishi. Vipi kuhusu asiyepiga mbira? Binti yangu sasa ana miaka tisa. Haimbi, hachori. Anapenda mlio wa mfuniko wa sufuria na anacheka umeme ukikatika. Ananidai kijiko cha uji kwa wakati, basi.

Hapo ndipo ninapoupenda mwisho wa Oe ambao wengine hawautaki. Upasuaji unafanyika, uvimbe unakutwa si ule waliouhofia, mtoto ataishi, ila huenda akili yake isikue kama ya wengine. Hakuna kipaji kinachoahidiwa. Bird anaachana na safari ya Afrika na anapanga kutafuta kazi ya kuongoza watalii. Ana kamusi aliyopewa zawadi, na neno analotaka kulitafuta ndani yake linakaribiana na subira yetu. Mtoto hajafanya lolote la kustahili. Amechukuliwa tu nyumbani.

Kitabu kina maneno makali ya kuumiza. Mtoto anaitwa zimwi mara nyingi, na tafsiri ya Kiingereza haijalainisha. Kabla ya kumshangaa Mjapani, tukumbuke lugha yetu: kiwete, kiziwi, kipofu, wote tumewaweka kwenye ngeli moja na kiti na kikombe. Nyumbani kwangu neno lililotumika ni "shughuli". Ndugu akipiga simu anauliza, "Na ile shughuli yenu inaendeleaje?" Nilikuwa namjibu.

Ukisome. Kisome hata kama utamchukia Bird, na ukifika kwenye korido usiharakishe. Mimi nilimaliza kurasa za mwisho kwenye benchi, Jumanne, binti yangu akiwa ndani na mtaalamu wa viungo. Yule baba wa gereji aliuliza ninasoma nini. Nikamweleza kuhusu mtu mfupi aliyebishana na madaktari. Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa yule mwenzake, alimwomba namba ya simu?"

Nikamwambia sikumbuki.

"Angemwomba," akasema.