Dakika Mbili Zisizokatwa

Filamu ambayo wengi huitaja kuwa mwanzo wa sinema inaonyesha wafanyakazi wakitoka kazini. Louis Lumière aliipiga mjini Lyon mwaka 1895, mbele ya kiwanda cha familia yake. Lango linafunguka, wanawake na wanaume wanamiminika nje, mbwa anakatiza, na haijatimia dakika moja mambo yamekwisha. Kamera haisogei wala hakuna kilichokatwa. Lisilosemwa sana ni kwamba filamu hiyo ina matoleo matatu, na wajuzi huyatofautisha kwa farasi: moja lina farasi mmoja, la pili lina wawili, la tatu halina kabisa. Maana yake watu wale waliombwa kutoka tena, siku nyingine, kwa mavazi mengine. Shoti inayoonekana kama imeokotwa barabarani ilikuwa imepangwa na kurudiwa, na kundi zima lilitakiwa kujua lini waanze kutembea na waelekee upande gani.

Mwaka 1995 Mjerumani Harun Farocki alitengeneza filamu nzima kutokana na picha za malango ya viwanda, alizozikusanya kutoka miaka mia ya sinema. Kuanzia 2011, yeye na Antje Ehmann wakaendesha warsha katika miji 15, Cairo na Johannesburg ikiwemo. Sharti lilikuwa moja: piga picha ya kazi, kazi yoyote, kwa dakika moja hadi mbili, katika shoti moja. Kamera inaweza kutulia, kugeuka au kutembea, lakini kukata ni marufuku.

Zoezi hilo ndilo kundi letu la wanafunzi watano tulilipeleka Zone Industrielle, hapa Bujumbura. Nalichambua kwa sababu lilinifundisha ufundi kuliko somo lolote la programu za kuhariri, na kwa sababu naamini linafaa kuwa zoezi la kwanza kwa kila kundi jipya la wanafunzi wa filamu katika ukanda wetu.

Mtu akitaja Zone Industrielle, wengi hufikiria kwanza Brarudi, kiwanda cha bia kilichoanza mwaka 1955, na malori ya kreti yanayoingia na kutoka. Lakini katikati ya maghala na viwanda vikubwa kuna karakana za watu wachache: mafundi magari, waranda mbao, wachomeleaji wa milango na madirisha ya chuma. Tulichagua karakana ya kuchomelea. Mtaa wa Buyenzi hauko mbali, na Kiswahili chake kimeshika karakana nyingi, kwa hiyo mazungumzo na mafundi yalikuwa mepesi. Mratibu wetu alikwenda kwanza peke yake, bila kamera, akaketi, akaeleza tunachotaka na kwamba hatutamzuia mtu kufanya kazi yake. Kazi hiyo haionekani kwenye skrini, na makundi mengi huiruka. Anayeiruka hujikuta anapiga picha za watu waliokunja uso.

Shoti tuliyoipanga mwanzoni ilikuwa rahisi kuielezea: fundi anashusha kinyago, anachomelea fremu ya mlango, anainua kinyago. Tulivutwa na moto, kama ambavyo angevutwa mtu yeyote mwenye kamera. Tulipomwonyesha fundi mkuu majaribio yetu kwenye skrini ndogo, aliyatazama kwa makini, kisha akasema, "Vijana, mmepiga moto. Kazi yangu iko pale ninapopima." Alikuwa sahihi. Fremu ikipinda kidogo kwenye kona, mlango hautafunga, na hakuna uchomeleaji utakaouokoa. Basi tukapanga upya: shoti ianze na utepe wa kupimia na mstari wa chaki, ipite kwenye kubana chuma, ifike kwenye moto, na iishie kwenye grainda inayolainisha kiungo.

Kwa kauli ile moja ya fundi, ugumu wote wa kiufundi ulibadilika, na hapo ndipo pana mafunzo mengi kuliko kwingine kote.

Tuanze na mwanga. Ndani ya karakana ni giza. Nje, mlango ukiwa wazi, jua la Bujumbura ni kali. Tuko digrii tatu na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua huwa karibu utosini na nyuso zote hupata vivuli machoni. Kamera ikiachiwa ijipangie mwanga yenyewe, moto ukiwaka tu itaifunga picha yote iwe nyeusi, kisha itaifungua tena moto ukizimika. Katika filamu yenye kukatwa ungeficha hilo. Katika shoti moja huwezi. Mpiga picha aliufunga mwanga kwa mkono, akaupima kwenye mikono ya fundi wakati wa kupima, akauacha moto uungue uwe weupe mtupu. Kisha tukasogeza kamera hatua chache hadi bega la fundi likawa kati ya lenzi na moto. Kinachoonekana ni mwangaza unaopiga ukutani na kwenye shavu la msaidizi wake, na inatosha kabisa. Pia ilitulinda sisi: moto wa kuchomelea huumiza macho ya anayeutazama bila kinga, na hakuna shoti inayostahili jicho la mtu.

Halafu kuna taa za mrija. Umeme wetu, kama wa Tanzania na Kenya, una mizunguko 50 kwa sekunde, hivyo taa hizo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, kamera inaona. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50, kila fremu inapokea mapigo mawili kamili ya mwanga na picha inatulia. Ukiacha shata kwenye 1/60, kama simu na kamera nyingi zinavyokuja kutoka dukani, utaona mistari ya giza ikipanda au kushuka kwenye picha. Hili ni jambo la kukariri siku ya kwanza. Lililobaki halikuhitaji kurekebishwa: kila fundi alipogusisha chuma, mashine ilivuta umeme mwingi na taa za karakana zikafifia kidogo. Mwenzetu mmoja alitaka tuliondoe. Wengine tukasema libaki, kwa sababu ndivyo karakana inavyopumua, na mtazamaji wa Bujumbura atalitambua mara moja.

Sasa sauti, ambako shoti nzima ingeweza kuzama. Utepe wa kupimia ukirudi ndani ya kasha lake hutoa mlio mdogo, mkavu. Chaki kwenye chuma ni ndogo zaidi. Grainda, upande wa pili, inajaza chumba chote. Yote mawili yamo ndani ya dakika mbili zilezile, kwenye kinasa sauti kilekile. Ukipandisha sauti ili chaki isikike, grainda itapasuka, na sauti iliyopasuka haina dawa. Ukiuachia mtambo ujirekebishe wenyewe, utapandisha kelele za nyuma kila fundi anaponyamaza, na utasikia mashine ikihema. Mnasa sauti wetu alizima marekebisho hayo, akapanga kiwango kwa kufuata grainda, akarekodi kwa biti 24 ili sehemu tulivu ziweze kupandishwa baadaye bila kuvuta mchafuko mwingi nyuma yake. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni umbali. Ukipunguza umbali wa maikrofoni kwa nusu, tuseme kutoka mita moja hadi sentimita 50, unapata takribani desibeli 6 zaidi za kile unachokitaka, bure, na kelele za chumba zinabaki pale pale. Hakuna kitufe kinachofanya hivyo.

Lakini fimbo ya maikrofoni haiwezi kukaribia kuliko fremu inavyoruhusu. Kamera inapogeuka kutoka kwenye meza ya kupimia kwenda kwenye moto, fremu inapanuka, na fimbo iliyokuwa salama inaingia kwenye picha, au kivuli chake kinapita juu ya karatasi ya chuma. Kwa hiyo mpiga picha na mnasa sauti walilazimika kufanya mazoezi pamoja, bila kurekodi, kama watu wanaobeba kabati kwenye ngazi: huyu anasema "sasa", yule anarudi nusu hatua. Hapo ndipo nilipoona kundi linavyofanya kazi kweli. Darasani kila mmoja alikuwa amejifunza kifaa chake vizuri. Tulichokuwa hatujajifunza ni mahali ambapo kifaa cha mmoja kinamzuia mwingine. Shoti moja hulilazimisha jambo hilo, kwa sababu hakuna mhariri atakayekuja kuwapatanisha.

Kuna ugonjwa ninaoufahamu katika makundi ya wanafunzi, na nadhani msomaji wa Kampala, Goma au Dar es Salaam anaufahamu pia: mwenye kamera ndiye anayekuwa mwongozaji. Si kwa sababu anajua kuongoza, ila kwa sababu kifaa ni chake na wengine wanaona haya kumkatalia. Tuliuvunja kwa kanuni mbili. Anayeongoza haruhusiwi kushika kamera, na majukumu yanazunguka kwa kila shoti mpya. Mwenye kamera akashika fimbo ya maikrofoni, mikono juu, jasho likimtiririka, akagundua jinsi anavyowatesa wenzake anapoomba fremu pana bila sababu. Zamu yake ya kurudi kwenye kamera ilipofika, aliuliza fimbo iko wapi kabla hajachagua lenzi. Hilo moja ni elimu tosha.

Tulibishana zaidi kuhusu nani ana haki ya kusimamisha shoti. Nilishikilia, na bado nashikilia, kwamba kabla ya kuanza yeyote anaweza kusema "ngoja", ila shoti ikishaanza ni usalama tu unaoisimamisha. Lori likapiga honi nje katikati ya shoti, na mnasa sauti akatamani kuacha. Aliendelea. Tulipotazama, fundi alikuwa ameinua kichwa kuelekea mlangoni, kamera ikamfuata kidogo, na kwa mara ya kwanza barabara ya Zone Industrielle ikaingia ndani ya karakana. Tungesimama, tusingeipata.

Kutazama nako kulikuwa na utaratibu wake. Kwanza tulisikiliza shoti nzima skrini ikiwa imefunikwa. Kisha tukaitazama bila sauti. Mwishoni tu ndipo tulipounganisha picha na sauti. Picha huvuta macho hadi masikio yanasahau kazi, na wanafunzi husifu picha ambayo sauti yake ni kelele tupu. Aliyenasa sauti alizungumza wa kwanza, mwongozaji wa mwisho. Kuhusu kunakili faili sina mengi ya kusema: diski mbili, mifuko ya watu wawili tofauti, kabla hamjaondoka karakanani.

Mji huu una hazina ambayo shule za filamu hazijaitumia ipasavyo. Bujumbura ni mji wa redio. Studio Ijambo ilianza mwaka 1995, na mchezo wake wa redio, Umubanyi Niwe Muryango, ulisikilizwa nchi nzima kwa miaka. Watu waliofanya kazi ile walijua kujenga chumba, ua na soko kwa sauti tu. Kwa upande wa picha, filamu yetu ndefu ya kwanza ya kubuni, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo, ilitoka mwaka 1992. Burundi Film Center ikaanza kufundisha vijana mwaka 2007. Tamasha la FESTICAB, ambalo Ngabo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, lilianza 2009. Njia ya picha inajulikana na ina waliotutangulia. Njia ya sauti ya sinema inapaswa kupita kwa mafundi wa redio, na natamani kila kozi iwaite wakae na wanafunzi siku nzima kwenye karakana yenye grainda.

Upande wa alama, pendekezo langu ni hili. Zoezi la shoti moja lipewe alama moja kwa kundi zima, na kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kuhusu jukumu ambalo hakulishika: mpiga picha aandike kuhusu sauti, mwongozaji aandike kuhusu nyaya na usalama, mnasa sauti aeleze kwa nini lenzi ile na si nyingine. Asiyeweza kuandika ukurasa huo alikuwepo karakanani kwa mwili tu, na arudishwe kwenye kundi lingine aanze tena na kushika fimbo.