Hongera, Mzee Hailu

Wapiga vinanda wa kwaya hapa Kamembe, hasa wale wanaobonyeza mdundo wa tayari kisha wakauachia kazi yote, wamtafute Hailu Mergia wa Ethiopia. Mzee huyu, aliyezaliwa 1946, alivuma Addis Ababa na Walias Band, waliokuwa wakitumbuiza Hoteli ya Hilton, kabla ya kuhamia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1985 aliingia studio peke yake kurekodi kaseti, akiwa na kodiani, piano ya umeme ya Rhodes, sinthesaiza ya Moog, Yamaha DX7 na mashine ya ngoma. Mashine inapiga vilevile mwanzo hadi mwisho. Kodiani ndiyo inayovuta pumzi juu yake, na Moog inapinda noti kama koo la mwimbaji. Mimi naona hapo ndipo penye ufundi.

Kaseti hiyo ilitolewa upya 2013. Kwa miaka mingi Mergia aliendesha teksi Washington, kinanda kikiwa kwenye buti; akisubiri abiria uwanja wa ndege, alihamia kiti cha nyuma akafanya mazoezi. Mwaka 2018, akiwa amevuka sabini, akatoa albamu mpya, Lala Belu.