Shule ya Marial Bai na hela ya simu

Vitabu viwili ambavyo watu wa mashirika hupenda kutuazima ni What Is the What cha Dave Eggers (2006) na A Long Walk to Water cha Linda Sue Park (2010). Vyote vinahusu vijana wa Kidinka waliokimbia vita Sudan wakiwa watoto, wakafika Ethiopia kwa miguu, wakaishi kwenye kambi za Kenya, mwisho wakachukuliwa Marekani. Na vyote vina kitu cha kuonyesha nyumbani. Salva Dut, ambaye Park anasimulia maisha yake, alianzisha shirika la kuchimba visima mwaka 2003. Valentino Achak Deng, mwenye sauti katika kitabu cha Eggers, alijenga shule ya sekondari kijijini kwao Marial Bai, ikafunguliwa 2009, na hela ya kitabu ikaenda huko. Kwa hiyo tukipewa vitabu hivi ni kama tunaambiwa: oneni, aliyetoka hakusahau.

Cha Park ni cha watoto, kinakimbia mbio hadi kisimani, na sina ugomvi nacho. Cha Eggers ndicho cha kubishana nacho, kwa sababu ni kizuri.

Kinaanza Atlanta. Valentino anafungua mlango, anavamiwa, anafungwa, na mvulana mdogo anaachwa amlinde. Akiwa pale sakafuni anamsimulia yule mtoto, kimoyomoyo, jinsi alivyotoka kwao. Baadaye anamsimulia mtu wa mapokezi hospitalini, kisha wateja wa gym anakofanya kazi, bado kimoyomoyo. Hakuna anayesikia. Yeyote aliyewahi kukaa mbele ya meza huku akijua kwamba anayosema hayaingii kwenye fomu atasoma kurasa hizo polepole. Za Kakuma pia ni za kweli, hasa pale anapofanya kazi kwenye mradi wa vijana wa Wajapani kwa malipo ya mkimbizi, yaani malipo ambayo hayaitwi mshahara. Ninyi wenye fulana za mashirika, someni hapo kwanza.

Sasa, hebu tuangalie anaongea na nani. Wote anaowasimulia kimoyomoyo ni watu wa Atlanta. Waliobaki Kakuma wanasimuliwa; hawasemeshwi. Na shule ilijengwa kwa njia hiyohiyo: hadithi iliuzwa kwa wasomaji wa mbali, na jina kubwa kwenye jalada lilikuwa la mwandishi Mmarekani aliyekwisha kujulikana. Sisemi ni dhambi. Hela ilifika, watoto wanasoma. Ila hiyo ni njia ya mtu mmoja kati ya maelfu. Aliyeko Omaha akifanya kazi ya usiku kwenye machinjio hana kitabu cha kuuza, na bado kila mwisho wa mwezi simu inalia.

Upande huu wetu wa Mwello, kati ya Busia na Tororo, misaada ya aina mbili hupita. Mmoja unaonekana: malori ya chakula kutoka Mombasa, yanavuka Malaba, yanapita Tororo kwenda kaskazini na hadi Juba. Wa pili hauna turubai wala bendera. Unapita kwenye simu. Januari 2008, Wakenya waliokimbia fujo za uchaguzi walivuka hapa, wengine wakawekwa Mulanda, Tororo, kabla ya kupelekwa Kiryandongo. M-Pesa ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Mpaka wenyewe una Wasamia na Wateso pande zote mbili, kwa hiyo kwa wengine msaada wa kwanza ulikuwa ndugu aliyekuwa tayari ng'ambo, mwenye debe la mahindi na nafasi ya mkeka. Sioni kwa nini huyo asiitwe mfadhili, ila hajui kuandika ripoti.

Huu msaada wa pili una sura mbaya pia, na hapo ndipo namlaumu Eggers. Aprili 2020 mgao wa wakimbizi Uganda ulikatwa asilimia 30. Februari 2021 ukafika asilimia 40. Pengo hilo lilizibwa na nani? Kwa sehemu, na kaka wa Omaha. Kutuma dola 200 Afrika kusini ya Sahara kulikula karibu asilimia 8 mwaka 2023, na hapo wakala wa huku bado hajakata yake. Halafu ugomvi: kwa nini ametumia shangazi na si mama, ati amebadilika, ati ameoa mtu asiyetujua. Mwenye ndugu nje na asiye na ndugu wanapanga foleni moja ya mgao lakini hawali sawa jioni. Kitabu chenye kurasa zaidi ya 400 kuhusu mtu aliyeko nje kingeweza kuyaweka haya katikati. Eggers ameweka katikati jeraha, kwa sababu jeraha ndilo msomaji wa mbali analielewa.

Kuna jambo lingine, na hili si la Eggers peke yake. Vijana hao waliochukuliwa Marekani walikuwa karibu 3,800, na wasichana kati yao hawakufika mia. Wasichana wengi walikuwa wamepewa familia za kuwalea kambini, kwa hiyo kwenye karatasi hawakuonekana yatima. Wakabaki wakichota maji na kungoja mahari ipangwe. Katika kitabu yumo Tabitha, anapendwa, anafika Marekani, anauawa Seattle na mwanaume aliyemwacha. Waliobaki ni watu wa pembeni tu. Lakini ni wanawake kama hao wanaopokea ile hela, wanaoamua ada ya nani ilipwe na nani angoje, wanaobeba lawama ikichelewa. Kitabu chao nimekiulizia kwa yule anayeleta sanduku la vitabu. Aliandika jina langu kwenye daftari, akaniachia nakala nyingine ya Park.