Sifa za Mshono Usiosikika

Marehemu mjomba wangu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, na ambaye desturi yake ilikuwa kurejea Tanga baada ya miezi minane au tisa akiwa na zawadi chache na hadithi nyingi, alituletea safari moja kaseti ya nyimbo za Beatles; na kwa kuwa nyumbani mwetu haikuwako nyingine iliyoimba kwa lugha ya mbali kama ile, ikapigwa asubuhi ikapigwa jioni, mpaka utepe wake ukakatika. Hakuitupa. Aliketi barazani, akaifungua kwa bisibisi ndogo, akazisawazisha ncha mbili za utepe kwa wembe mpya, akaziunga kwa kipande chembamba cha selotepu, kisha akauzungusha utepe wote urudi mahali pake kwa kalamu ya wino. Tangu siku hiyo wimbo uitwao "Strawberry Fields Forever" ulikuwa na kilema kwetu: ulipopita katikati uliruka, mfano wa mtu avukaye mtaro, ukatua katika neno la mbele. Nami niliyekuwa mtoto wa miaka tisa niliuhifadhi wimbo pamoja na mruko wake, nikiyakini kwamba ndivyo ulivyotungwa.

Nilipousikia mzima redioni, nikiwa mtu mzima mwenye kazi na kodi ya nyumba, nilisimama wima kwa kile nilichozidishiwa, maana kilikuwa kama chumba katika nyumba niliyoishi miaka yote bila kujua kuwa kina mlango. Baadaye nikaja kusoma jambo lililonishangaza zaidi: kwamba wimbo wenyewe, ule mzima, nao una mshono, uliotiwa London mwezi wa Desemba 1966, na kwamba nilikuwa nimepita juu ya mshono huo mara elfu bila kuhisi tuta wala shimo. Wako wanaousifu muziki wa roki na popu wa zama zile kwa kishindo chake, wako wanaousifu kwa uasi wake, na wako wanaousifu kwa mavazi. Mimi nausifu kwa useremala wake, na katika useremala huo nasifu zaidi ya yote maungo yake.

Mtunzi, John Lennon, aliuanza wimbo huo Almería, Hispania, alipokuwa huko mwaka 1966 kwa kazi ya filamu, na jina aliliazima kutoka nyumba ya watoto ya Jeshi la Wokovu iliyokuwa karibu na pale alipolelewa, Liverpool. Yeye na wenziwe waliporudi katika studio za Abbey Road waliupiga mara nyingi, na katika mara hizo mbili zilipendeza kwa namna mbili zisizofanana. Ya kwanza, jaribio la saba, ilikuwa laini na ya taratibu, ikifunguliwa na mellotron, kinanda cha ajabu ambacho ndani yake mmewekwa vipande vya utepe vyenye sauti za filimbi, kila kitufe na kipande chake. Ya pili, jaribio la ishirini na sita, ilikuwa ya haraka na nzito, yenye tarumbeta nne na selo tatu, na matoazi yaliyorekodiwa kinyumenyume hata mlio wake ukawa unavutwa ndani badala ya kutawanyika nje. Lennon aliupenda mwanzo wa ile ya kwanza na mwisho wa ile ya pili, akamwomba mtayarishaji wao, George Martin, aziunge. Martin akamweleza kwamba hazilingani kwa kasi wala kwa kimo cha sauti. Lennon akaona kwamba hilo mzee atalimudu, akaenda zake.

Hapa msomaji na anivumilie kidogo, kwa sababu uzuri wa jambo hili haufahamiki pasipo kuijua tabia ya utepe. Utepe ukiendeshwa kwa kasi zaidi, sauti hupanda na mwendo hukaza. Ukicheleweshwa, sauti hushuka na mwendo hulegea. Na mambo hayo mawili, katika mitambo ya siku zile, yalifungamana kama mwili na kivuli, hata ilikuwa muhali kuligusa moja na kuliacha la pili. Lau jaribio la haraka lingalikuwa na sauti ya chini, na la taratibu likawa na sauti ya juu, kazi ingalikufa pale pale, kwa kuwa kila dawa ya kasi ingalizidisha ugonjwa wa sauti. Lakini la haraka ndilo lililokuwa la juu, na la taratibu ndilo lililokuwa la chini. Hivyo kulichelewesha lile na kuliharakisha hili kulitengeneza mawili kwa pamoja, yakakaribiana kama majahazi mawili yaliyotoka bandari mbalimbali, mpaka yakakutana. Martin na fundi wake wa mitambo, Geoff Emerick, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka ishirini na mmoja, waliifanya kazi hiyo kwa mashine mbili za utepe, mkasi na masikio yao. Kiungo kiko pale dakika ya kwanza inapotimia. Kabla yake sauti ya Lennon ni ya mtu aliye karibu nawe. Baada yake ni nzito, imelewa usingizi, kama ya mtu asemaye chini ya maji, na msikilizaji hudhani kwamba huo ndio usanii wa mwimbaji, ilhali ni sauti ya haraka iliyofundishwa kwenda polepole.

Wengi huiita hadithi hii bahati. Bahati ilikuwamo, sikatai, walakini bahati huja na kupita mbele ya watu elfu wasioitambua sura yake. George Martin alikuwa mtoto wa seremala. Alisomea muziki Guildhall, akawa mpiga zumari, na kabla ya kuwapokea vijana wanne wa Liverpool alikuwa ametumia miaka mingi kurekodi wachekeshaji, kazi ambayo wanamuziki wakubwa waliidharau, bali ndiyo iliyomzoeza kukata, kupachika, kuharakisha na kuchelewesha sauti kama achongaye ubao. Kila nikifikiri juu ya mzazi wake nawakumbuka mafundi wa majahazi wa pwani yetu, ambao wakikwisha kuziweka mbao bavuni hutia kalafati katika kila mwanya, pamba na mafuta, kwa subira isiyo na mashahidi. Na chombo kikishushwa majini hakuna abiria asemaye, kalafati hii ni njema ilioje! Abiria huona tanga.

Nimepata kubishana na wazee wapenzi wa taarabu, watu ninaowaheshimu sana, ambao husema kwamba wimbo uliokatwa ni wimbo wa uongo. Hoja yao si nyepesi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 pamoja na wenziwe ili kutia sauti katika santuri, hapakuwa na utepe wala wembe. Kila wimbo uliimbwa mfululizo mbele ya chombo, na kosa likitokea haikuwako tiba ila kuanza upya. Katika santuri hizo unasikia saa ile ile ilivyokuwa, pumzi kwa pumzi, na ukweli huo una haiba isiyopatikana kwa mkasi. Mimi nawakubalia hayo yote, kisha nawauliza: je, kanzu ni ya uongo kwa sababu haikufumwa kipande kimoja? Mwimbaji wa mfululizo hutupa dakika tatu za maisha yake kama zilivyopita. Fundi wa utepe hutupa dakika nne ambazo hazikupata kupita popote duniani, zikakusanywa kutoka siku nyingi na hali nyingi za moyo, na kazi yake ni kuzifanya ziishi kama saa moja. Hizo ni sanaa mbili, na ya pili haistahili kupimwa kwa ratili ya ya kwanza.

Tena mkasi si kila kitu. Kuna mshono wa kuungana na kuna mshono wa kurundika, tabaka juu ya tabaka, na katika huu wa pili sijui wimbo uliofika ulikofika "I'm Not in Love" wa kundi la 10cc, uliotoka mwaka 1975. Eric Stewart na Graham Gouldman waliutunga, wakaurekodi kwanza kwa mwendo wa bossa nova, wenzao hawakuupenda, ukatupwa. Wafanyakazi wa studio yao ya Stockport wakaendelea kuuimba wakipita ukumbini, na hapo watunzi wakajua kwamba kilichotupwa kilikuwa hai. Mwenzao Kevin Godley akatoa rai kwamba safari hii vyombo viwekwe kando na wimbo ujengwe kwa sauti za watu. Basi yeye, Lol Creme na Gouldman wakasimama mbele ya maikrofoni wakaimba noti moja, sauti tupu isiyo na neno, mara kumi na sita, ambazo kwa watu watatu ni sauti arobaini na nane. Wakahamia noti ya pili, kisha ya tatu, wakapanda ngazi yote ya muziki hatua kwa hatua, wiki tatu, hata zikapatikana sauti zaidi ya mia sita. Kila noti ikafanywa pete ya utepe iliyozunguka bila kikomo. Ndipo wakaketi wanne mbele ya meza ya kuchanganyia sauti wakaipiga kama kinanda, huyu akiinua noti hii, yule akiishusha ile. Na katika sehemu ya chini ya vitelezi vya sauti Stewart alibandika utepe wa gundi ili pasiwe na noti itakayozimika kabisa. Kwa hiyo noti zote zipo wakati wote, hata zisizohitajika, zikinong'ona chini kwa chini.

Ni hilo la mwisho linaloniliza. Mwimbaji katika wimbo ule anakana kwamba anapenda. Anatoa sababu, anapunguza uzito wa mambo, anajitetea. Na nyuma yake kuna mia sita wasiotamka neno lolote, ambao hata yeye akinyamaza hawanyamazi. Wangeweza kutumia fidla, zikapendeza, na wimbo ukasahaulika. Walichagua njia ya taabu, na taabu hiyo ikawa ndiyo maana ya wimbo.

Mwaka ule ule, na watu wa Unguja wataniwia radhi kwa nitakayoyasema, kundi la Queen lilitoa "Bohemian Rhapsody". Fahari ninayo kama mtu yeyote wa pwani kwamba mtungaji wake alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa mtumishi wa mahakama, kabla dunia haijamwita Freddie Mercury. Na kila nikifika pale katikati ya wimbo panapoitwa kwa Kiarabu neno ambalo mtoto wa kwetu hufundishwa kulitaja kabla hajagusa chakula, moyo wangu hunyanyuka. Mercury na wenziwe Brian May na Roger Taylor waliimba sehemu ile kwa saa kumi, saa kumi na mbili kwa siku, wakiziweka sauti zao juu ya sauti zao, wakizinakili kutoka utepe hadi utepe ili kupata nafasi ya nyingine, mpaka unga wa chuma unaobeba sauti ukachakaa na ule utepe, ukiinuliwa kwenye mwanga, ukawa unaonyesha upande wa pili. Wangalizidisha kidogo, wimbo wote ungalipukutika mikononi mwao. Wimbo wenye dakika karibu sita ukakaa wiki tisa mbele ya nyimbo zote Uingereza.

Hata hivyo nauweka chini ya ule wa Stockport, kwa sababu maungo yake yametarizwa kwa uzi wa dhahabu upande wa nje: unaambiwa, tazama, hapa tumetoka kwenye huzuni tumeingia kwenye opera, hapa tumetoka kwenye opera tumeingia kwenye gitaa. Ni mshono wa joho la sherehe. Mimi ni mtu wa kofia ya mkono, ambayo hupinduliwa na kutazamwa ndani.

Na kwa hakika, katika wimbo huo mshono ninaoupenda kuliko wote haumo katika utepe, umo katika gitaa la Brian May, alilolianza na baba yake mwaka 1963 kwa kuwa fedha za kununulia la dukani hazikuwako. Shingo yake ni ubao wa rafu ya meko ya zamani, wenye mashimo ya wadudu yaliyozibwa kwa njiti za kiberiti. Alama za kuongoza vidole ni vifungo vya lulumizi kutoka kisanduku cha ushoni cha mama yake. Na chuma cha kutikisia nyuzi hurudishwa na springi za pikipiki. Kijana huyo alilipiga, na mpaka uzee wake amelipiga, kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza. Sauti ile ambayo watu wa mabara yote huitambua kabla hawajaambiwa ni ya nani, ilitoka kwenye meko, kwenye kasha la sindano, na kwenye mikono miwili ya mzazi na mwana iliyofanya kazi jioni kwa jioni kwa takriban miaka miwili.

Kaseti ya mjomba sinayo tena. Utepe wake uliliwa na joto na chumvi kama vitu vyote vilivyokaa karibu na bahari. Nimesoma kwamba mafundi wa studio walikuwa na desturi ya kuukata utepe mshazari, ili sauti itokayo isiachane ghafla na sauti iingiayo. Mjomba, asiye na wa kumfunza, aliukata wake wima. Ninapousikiliza wimbo ule usiku, dakika ya kwanza ikitimia husogea karibu, nikijua kwamba sasa hivi mkasi unapita, na mpaka leo sijafaulu kuusikia. Kisha wimbo huendelea, zikaingia selo, ukakaribia pale palipokuwa na mtaro wetu, na mguu wangu, bila kuamrishwa, hujiweka tayari kuruka.